Kibao cha Mlangoni na Maneno ya Ndani

Somo letu la historia leo lahusu uongo walioambiwa wanawake wenye mimba, na watu waliosimama kuupinga. Habari ilianza mbali, Marekani, lakini mtaona jinsi ilivyofika Afrika Mashariki.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, watu wa Marekani wanaopinga utoaji mimba walifungua nyumba za kuwashauri wajawazito. Kupinga si kosa. Kila mtu ana imani yake, na wengi wenu mnaonisikiliza mna imani hiyo hiyo. Tena nyumba nyingi ziligawa bure nguo za watoto wachanga. Shida ilikuwa pale wenye nyumba walipoficha wao ni nani. Waliweka kibao mfano wa zahanati, na mwanamke akaingia akidhani anakwenda kutibiwa.

Katika mji wa Fargo, jimbo la North Dakota, kituo kimoja kilijipa jina lililokaribiana sana na jina la kliniki ya mji huo. Kliniki ikashtaki. Mwaka 1986 mahakama ya juu ya jimbo ilikubali kituo kizuiwe kutangaza kwa uongo.

Lakini utajuaje yanayosemwa ndani, mlango ukiisha kufungwa? Dawa ni kupeleleza na kuandika. Mwaka 2006 mbunge wa Marekani, Henry Waxman, aliwaagiza wasaidizi wake wapige simu, wakijifanya msichana mjamzito wa miaka 17. Walivipata vituo 23, vyote vya aina iliyopata fedha za serikali. Vituo 20 vilitoa maneno ya uongo au ya kupotosha. Vingine vilisema kutoa mimba huleta saratani ya matiti, na hali mwaka 2003 wataalamu zaidi ya 100 walikwisha kukutanishwa na taasisi ya saratani ya serikali hiyo hiyo, wakaona kwamba si kweli.

Mwaka 2020 gazeti la openDemocracy lilifanya upelelezi kama huo katika nchi 18, Uganda ikiwa mojawapo, kwenye vituo vyenye uhusiano na chama cha Heartbeat International cha Ohio. Waandishi wanawake waliingia kama wajawazito. Katika maneno waliyoyakusanya, kuna moja baya kuliko yote: kwamba mwanamke akipata madhara baada ya kutoa mimba, hospitali haitamtibu.

Mama zangu, baba zangu, lipimeni neno hilo. Sheria ya Tanzania yakataza kutoa mimba, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Lakini mwanamke anayetoka damu kwa kuharibika mimba, kwa sababu yoyote ile, hutibiwa hospitalini na katika vituo vya afya. Sasa mfikirieni mwanamke wa juu kule Bunduki. Njia ya kushuka ni ndefu, na wakati wa masika ina utelezi. Akiambiwa atafukuzwa mlangoni, atabaki ndani na kanga yake, na damu haingoji mvua ikatike.

Je, wapinzani wa uongo huu walishinda? Nusu nusu. Mwaka 2015 jimbo la California lilitunga sheria: kituo kisicho na leseni ya tiba kiseme wazi kwamba hakina, na chenye leseni kiwaonyeshe wanawake huduma za serikali, pamoja na ya kutoa mimba. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji watano kwa wanne, iliipinga sheria hiyo. Walisema serikali haiwezi hivi hivi kumlazimisha mtu kusema maneno yake. Mimi naona kumwambia mtu aseme hana leseni si kumwonea, lakini hukumu ndiyo hiyo. Mji wa San Francisco ulipita njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2011 haikulazimisha kituo kusema lolote. Ilikataza tu kutangaza uongo. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliikubali.

Kazi ya nyumbani: nendeni kwenye zahanati iliyo karibu nanyi. Nakilini kila neno lililo katika kibao chake. Kisha mwulizeni mganga mfawidhi mwanamke aliyeharibikiwa mimba hupokelewa wapi, usiku na mchana, mkaandike jibu lake kwa kalamu zenu wenyewe. Tutayasoma madaftari katika kipindi kijacho.