Kina cha Maji Hakipimi Hatari: Uainishaji wa Mabwawa ya Watu Binafsi Baada ya Solai

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya masika yaliyokuwa makali kupita kawaida, tuta la Bwawa la Patel lilipasuka Solai, kaunti ya Nakuru. Maji na matope yaliteremka juu ya vijiji vya Nyakinyua na Energo, yakaua watu wasiopungua 47. Maelezo yaliyotawala tangu hapo ni kwamba mabwawa ya shamba la kahawa lenye bwawa hilo hayakuwa na vibali, basi kosa ni la usimamizi. Sikubali kwamba hoja inaishia hapo. Ukaguzi hufuata daraja la bwawa, na daraja lenyewe lina kasoro.

Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ziligawa mabwawa ya Kenya katika madaraja matatu kwa kutazama kina cha maji, ujazo na eneo la bonde linalokusanya mvua. Daraja A, lililoitwa la hatari ndogo, ni bwawa lenye kina kisichofika mita 5, ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 na bonde lisilofika kilomita za mraba 100. Katika vipimo hivyo vitatu hakuna hata kimoja kinachouliza nani analala chini ya tuta.

Tuchukue bwawa lenye kina cha mita 4.9 na mita za ujazo 99,000. Kwa jedwali hilo, hatari yake ni ndogo. Lakini hizo ni takribani tani 99,000 za maji. Tuta la udongo likizidiwa na maji kwa sababu utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, ni mwembamba au umeziba, maji yanayopita juu yake humega udongo, ufa hupanuka, na kadiri unavyopanuka ndivyo maji yanavyozidi kumega. Bwawa likimwagika lote kwa nusu saa, wastani ni mita za ujazo 55 kila sekunde. Kilele hupita hapo kwa mbali. Kwenye mteremko wa Solai, watu wakiwa ndani usiku, mafuriko ya namna hiyo hayampi mtu muda wa kuwatoa watoto nyumbani.

Wanaotetea usimamizi peke yake wanapaswa kulieleza Bwawa la Ka Loko, kisiwani Kauai, Hawaii. Lilikuwa la udongo, la mtu binafsi, na lilikuwamo kwenye orodha ya serikali kama bwawa la hatari ndogo. Tarehe 14 Machi 2006 lilibomoka na kuua watu 7. Halikukosa daraja, lilipewa daraja lisilo sahihi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba makazi huhama: mwenye bwawa atabebeshwaje gharama kwa nyumba zilizojengwa baada yake? Ni kweli, na huenda sehemu ya gharama hiyo ikawa ya kaunti inayoruhusu ujenzi. Hata hivyo, maji hayatofautishi nyumba ya zamani na mpya. Bwawa lolote ambalo kupasuka kwake kunaweza kufikia nyumba inayokaliwa liwekwe daraja la juu, hata kama kina chake ni mita 3, na daraja hilo lipitiwe upya kila ardhi ya chini yake inapogawanywa viwanja.