Helikopta Nne (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Alfajiri ya Jumapili, Agosti 12, 2012, Baba Rama, fundi wa helikopta za jeshi, alimpigia simu mkewe Zaituni kutoka Entebbe. Wanaruka kwenda Somalia, helikopta nne: tatu Mi-24 za kushambulia, na Mi-17 moja ya kubeba watu na mizigo. Yeye amepangwa kwenye Mi-17. "Lakini Mama Rama, kuna jambo nilikuficha..." Simu ikakatika.

SASA ENDELEA...

Kila alipoipiga ile namba, Zaituni alijibiwa kuwa mteja hapatikani. Akaitia simu kifuani, akaendelea kusukuma chapati za wateja. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Yeye amefunga, lakini si mtaa wote wa Kinawataka uliofunga, na chapati ndiyo iliyolipa kodi ya chumba.

Saa tisa mchana mtaa ukalipuka.

"Banange! Kiprotich! Kiprotich!"

Watu walimwagika kutoka kwenye kibanda cha video. Huko London, askari magereza Stephen Kiprotich alikuwa amewaacha nyuma Wakenya wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang, akashinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Uganda haikuwa imeonja dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Boda boda zilipanda kilima cha Mbuya zikipiga honi, na hata walinzi wa lango la kambi ya jeshi walikuwa wanacheka.

Mzee Lado peke yake hakucheka. Alikuja akichechemea, akakaa kwenye benchi la wateja. Mguu ule aliuacha nusu Mogadishu mwaka 2007, alipokwenda na kundi la kwanza la wanajeshi wa Uganda. Uwanja wa ndege uliwapokea kwa makombora Machi ile ile waliyofika.

"Amepiga?" akauliza.

"Tangu alfajiri, hapana. Afande, helikopta za nini sasa? Si mlisema Al-Shabaab walishaikimbia Mogadishu mwaka jana?"

"Mji waliuacha, mwanangu. Nchi hawakuiacha. Sasa vijana wanatoka kwenda mbali, na barabara zimetegwa mabomu. Majeruhi akibebwa kwa gari, damu inamwishia njiani. Miaka mitano tumeomba kitu cha kutulinda kutoka juu. Februari hii ndiyo Umoja wa Mataifa umekubali helikopta 12: tisa za kubeba, tatu za kupiga. Na Kismayo bado haijatekwa."

"Basi wapeleke wengine. Huyu wangu alitoka huko mwaka jana tu. Kwa nini wamempanga tena?"

Mzee Lado alitazama chini. Zaituni akaacha kusukuma.

"Afande. Kwa nini wamempanga?"

"Hawakumpanga. Aliomba."

Chapati iliungua kwenye kikaangio na hakuna aliyeigeuza.

"Aliniambia nisikwambie," mzee akasema. "Ni habari ya marehemu mdogo wako. Mumeo ndiye aliyemnunulia tiketi ya Kyadondo."

Zaituni akashika meza. Julai 11, 2010, fainali ya Kombe la Dunia, Uhispania na Uholanzi. Mabomu yalilipuka Kabalagala na kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo, yakaua zaidi ya watu 70. Al-Shabaab wakasema ni malipo ya wanajeshi wa Uganda walioko Somalia. Miaka miwili alijiuliza mdogo wake, kijana asiye na senti, aliingiaje pale. Miaka miwili mumewe alilala ubavuni mwake akilijua jibu.

Alifuturu kwa tende moja na maji. Simu haikulia.

Jumatatu mtaa ulikuwa bado unamwimba Kiprotich, redio ilipobadilisha sauti. Helikopta nne za jeshi zilizoondoka Entebbe kwenda Somalia zilipitia anga ya Kenya. Moja, ya aina ya Mi-17, imetua salama Garissa. Mi-24 tatu hazikufika. Zinatafutwa upande wa Mlima Kenya, wenye mita 5,199 na mawingu mazito.

Zaituni alipiga magoti palepale kwenye unga. Mi-17! Alhamdulillah. Kisha akawakumbuka wake wa wale wengine, aibu ikamshika kwa furaha yake, na bado hakuweza kuizuia. Akajiapiza: akirudi, atamsamehe. Kyadondo, kuomba safari, vyote.

Simu ikalia. Namba ilianza na +254. Kenya!

"Baba Rama!"

"Hapana, shemeji." Sauti ilikuwa ya kijana wa kikosi chao, aliyezoea kula chapati pale. "Niko Garissa. Nimeazima simu."

"Nimesikia redioni, mmetua salama. Mpe basi niongee naye."

Kijana akavuta pumzi.

"Shemeji, kabla hatujaruka Entebbe, Baba Rama alimwomba mwenzetu mmoja wabadilishane nafasi. Begi lake ninalo hapa. Yeye alipanda Mi-24."

ITAENDELEA...

Kwa nini Baba Rama aliomba kubadili nafasi? Na kuna nini ndani ya begi lililobaki Garissa? Usikose Jumamosi ijayo.