Siku 15 za Boulder: kwa nini anayetaka kutibu lazima aandike tasnifu

Chukua mwanafunzi anayetaka kitu kimoja tu: kukaa na mtu mwenye sonona, amsikilize, amsaidie apone. Kuandika makala za majarida hataki, na takwimu zinamuumiza kichwa. Akienda Marekani kusomea saikolojia tiba, mara nyingi ataambiwa afanye PhD, ile ile ya mwanafizikia na mwanahistoria. Atapita kozi za takwimu, atafanya utafiti wake mwenyewe, ataandika tasnifu, na juu ya hayo yote atatumikia mwaka mzima hospitalini au kliniki chini ya msimamizi. Daktari wa upasuaji hadaiwi tasnifu ya namna hiyo ndipo aruhusiwe kushika kisu. Huyu wa maneno kwa nini anadaiwa?

Jibu fupi ni kwamba watu 73 walikubaliana hivyo mwaka 1949, kwa siku 15, katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado. Jibu refu lina vita ndani yake, lina fedha za serikali, na lina ubishi ambao mpaka leo haujaisha.

Tuanze nyuma kidogo. Lightner Witmer, aliyesoma kwa Wilhelm Wundt kule Leipzig, alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia mwaka 1896 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mgonjwa wake wa kwanza hakuwa "kichaa" wa aina yoyote. Alikuwa mvulana aliyeletwa na mwalimu wake kwa sababu tahajia ilimshinda. Kwa miaka mingi baadaye kazi ya wanasaikolojia wa kliniki ilibaki humo humo, yaani watoto, shule na vipimo vya akili. Kutibu kulikuwa kwa madaktari. Mwaka 1918 Leta Hollingworth alipendekeza iwepo shahada ya udaktari ya kitaaluma kwa watu wa fani hii, tofauti na PhD, lakini hakuna aliyeichukua hoja hiyo. Kumbuka jina lake, maana hoja itarudi miaka 50 baadaye.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, Idara ya Maveterani ya Marekani ilijikuta na wagonjwa 74,000 hivi hospitalini, na kati yao 44,000 hivi walikuwa na matatizo ya akili na mishipa ya fahamu. Madaktari wa magonjwa ya akili hawakutosha hata kidogo. Mwaka 1946 idara hiyo ikaanzisha mpango wake wa mafunzo: wanafunzi 200 hivi, vyuo vikuu 22, nusu ya muda darasani na nusu wodini. Ikaweka sharti kwamba mwanasaikolojia wake awe na udaktari. Na wanafunzi hao walikuwa wanalipwa. Hilo la kulipwa lishike, tutalihitaji huko mbele.

Basi serikali ikawa inamwaga fedha, ila kulikuwa na tatizo la aibu: hakuna aliyeweza kusema mafunzo ya saikolojia tiba ni kitu gani hasa. Kila chuo kilikuwa na yake. Serikali ikauliza Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, jamani, vyuo vipi vinafaa? Chama kikaunda kamati chini ya David Shakow. Huyu hakuwa profesa wa mezani. Alikuwa amefanya kazi katika Hospitali ya Serikali ya Worcester, Massachusetts, tangu 1928, na PhD yake kutoka Harvard aliipata mwaka 1942, akiwa tayari ni mzoefu wa wodi. Ripoti ya kamati yake ilitoka 1947. Ilipendekeza miaka minne, mwaka wa tatu ukiwa wa kukaa hospitalini, na mwanafunzi afundishwe vitu vitatu kwa pamoja: kuchunguza mgonjwa, kutafiti, na kutibu.

Boulder ndipo ripoti hiyo ilipobishaniwa na kupitishwa. Taasisi mpya ya Taifa ya Afya ya Akili ndiyo iliyolipia. Na hapa kuna jambo ninaloona watu wengi hulipita haraka. Tunasimuliwa kwamba Boulder waligundua kuwa mwanasayansi bora ndiye mtabibu bora. Sivyo. Hakuna mtu kule aliyekuwa na ushahidi wa hilo. Walichokuwa nacho ni ujinga wa pamoja, na kwa heshima yao waliukiri. Victor Raimy, aliyehariri ripoti ya mkutano, aliweka humo hata utani uliotolewa kuhusu tiba ya mazungumzo: njia isiyoeleweka, kwa matatizo yasiyotajwa, yenye matokeo yasiyotabirika, na bado tunadai watu waifunzwe kwa ukali. Hoja yao nzito ilikuwa hii: kama hatujui kinachoponya, basi tusimtume mtu kutibu bila kumpa vifaa vya kuchunguza kama anachofanya kinasaidia. Tasnifu ilikuwa ni kamari juu ya ujuzi utakaopatikana kesho.

Wapo waliocheka. Mwaka huo huo Hans Eysenck, wa hospitali ya Maudsley, London, alitembelea Marekani kisha akaandika kwamba mwanasaikolojia achunguze na atafiti, tiba awaachie wengine. Mwaka 1952 akaongeza chumvi kwenye kidonda: kwa hesabu zake, theluthi mbili hivi ya wagonjwa wa aina ile hupata nafuu ndani ya miaka miwili, watibiwe kwa mazungumzo au wasitibiwe. Hesabu zile zimekosolewa sana tangu hapo, na kwa haki. Lakini zililazimisha watu kupima, na kupima ndiko hasa walikokuwa wanakutaka watu wa Boulder. (Kichekesho ni kwamba Uingereza yenyewe leo inadai udaktari wa miaka mitatu kwa kazi hii, wahitimu wake wanatibu, na kwa England wanafunzi wanaajiriwa na kulipwa na huduma ya afya ya taifa.)

Kamari ilifauluje? Nusu nusu. Utafiti juu ya tiba ulikua kweli. Lakini wahitimu wengi, wakishapata PhD yao, hawakuchapisha chochote au walichapisha kidogo mno. Sehemu kubwa ya makala iliandikwa na wachache. Walikuwa wanafanya kile walichokuja kukifanya tangu mwanzo, kutibu. Na walilalamika kwamba chuoni walilea takwimu kuliko wagonjwa.

Ndipo hoja ya Hollingworth ikafufuka. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Illinois, chini ya Donald Peterson, kilianza kutoa PsyD, udaktari wa saikolojia kwa mtu wa vitendo, unaomtaka mwanafunzi asome utafiti vizuri kuliko kuuzalisha. Mwaka uliofuata ikaanzishwa California School of Professional Psychology, shule isiyo chini ya chuo kikuu chochote. Mwaka 1973 mkutano mwingine, safari hii Vail, Colorado hiyo hiyo, ukabariki njia hii ya pili.

Mjadala kwa kawaida huishia hapo: sayansi upande huu, vitendo upande ule. Mimi naona mpasuko mkubwa zaidi uko mfukoni. Mwanafunzi wa 1946 alilipwa na serikali. Mwanafunzi wa PhD wa leo, katika vyuo vingi vya Marekani, hulipiwa ada na kupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti, ndiyo maana idara huchukua wachache tu kwa mwaka. Shule inayojitegemea haina maabara yenye ruzuku wala hospitali ya kuilipia. Inaishi kwa ada, kwa hiyo inachukua darasa kubwa, na mwanafunzi anakopa. Yule aliyekimbia tasnifu anaweza kujikuta analipa deni kwa miaka mingi, akifanya kazi ile ile, kwa leseni ile ile.

Peterson mwenyewe, baba wa PsyD, aliandika mwaka 2003 akionyesha wasiwasi wake juu ya ubora wa baadhi ya shule zilizoota kutokana na wazo lake. Na Machi 2019 Argosy University, iliyokuwa na programu za PsyD katika miji kadhaa, ilifungwa ghafla baada ya serikali kuikatia fedha. Mamilioni ya dola ya mikopo yaliyopaswa kuwafikia wanafunzi hayakuwafikia. Wengine walikuwa katikati ya mwaka wao wa hospitali.

Uzi huu unafika mpaka Nairobi, tena kwa njia ya moja kwa moja kuliko unavyodhani. USIU-Africa ilianza mwaka 1969 kama tawi la United States International University ya San Diego. Baadaye tawi likajitegemea, na chuo mama kikaungana mwaka 2001 na ile ile California School of Professional Psychology, vikawa Alliant International University. Leo USIU-Africa inatoa PsyD ya saikolojia tiba, na Daystar, katika jiji hilo hilo, inatoa PhD. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na bodi yake ya kusajili. Lakini hakuna Idara ya Maveterani iliyowahi kusimama nyuma ya wanafunzi hawa na mshahara. Mwenye kuchagua kati ya milango hii miwili anaulizwa kuhusu utafiti kwenye fomu. Kuhusu ada anaulizwa kila muhula.