Karani Asiyepakata

Kompyuta ya kubebwa mkononi ilipoingia nchini Tanzania ilipewa jina la mpakato, na aliyelitunga jina hilo alisema kweli kubwa kuliko aliyoikusudia, kwa kuwa kupakata ni kazi ya mtu aliyekwisha keti: mama humpakata mwanawe akiwa jamvini, wala hampakati hali yu njiani. Ndiyo sababu chombo hicho, pamoja na hadhi yake yote maofisini, hakikupata kuwa chombo cha karani wa sensa, ambaye kazi yake tangu awali imekuwa kusimama mlangoni mwa watu, kupiga hodi, na kuuliza ni nani na nani waliolala humo. Karani huyo alitoka kwenye karatasi akarukia tableti, yaani kishikwambi (jina ambalo sikio langu lingali likilizoea), na mpakato ukabaki nyuma, mezani kwa wakubwa wake.

Kabla ya mwaka 1948 serikali ya Tanganyika ilijua idadi ya watu wake kwa kukisia zaidi kuliko kwa kuhesabu, ikitegemea majumbe na daftari za kodi. Na mtu ambaye jina lake likiandikwa tu hufuatwa na madai ya fedha, tusimlaumu akiwaficha wanawe shambani siku ya kuandikwa. Katika mwaka huo wa 1948 nchi za Afrika Mashariki zilihesabiwa kwa utaratibu wa kitaalamu, nyumba kwa nyumba. Tanganyika ikarudia mwaka 1957, Unguja na Pemba mwaka 1958, na sensa ya kwanza ya Tanzania iliyoungana ikafanywa Agosti 1967, miezi sita baada ya Azimio la Arusha, wakapatikana watu 12,313,469. Sensa zote zilizofuata, za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, zimefanywa mwezi huo huo wa Agosti, wala si kwa bahati: masika yamepita, mavuno aghalabu yamekwisha ingia ghalani, na njia ya udongo inapitika kwa mguu na kwa baiskeli.

Mzigo wa karani wa zamani hizo ulikuwa mkoba wa madodoso, ramani ya eneo lake la kuhesabia, penseli, kifutio, mara nyingi na chaki ya kutia alama mlangoni kwa nyumba iliyokwisha hesabiwa. Lakini katika vyote hivyo mimi hukienzi zaidi kile kilichokuwa chepesi kuliko vyote, yaani kalenda ya matukio. Wazee wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa popote. Walikuwa na mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka ambao Wajerumani waliondoka, na karani, akiwa na karatasi yake iliyopanga matukio ya wilaya hiyo pamoja na miaka yake, alikaa na bibi kizee na kumtafutia umri kama mtu atafutaye pete mchangani: ulikuwa umekwisha vunja ungo wakati wa vita vya Maji Maji, au ulikuwa ungali ukibebwa mgongoni? Jibu liligeuzwa kuwa tarakimu mbili ndani ya kisanduku, nayo hadithi yenyewe, karani akiwa mwenye moyo, ikaandikwa kwa penseli pambizoni.

Pambizo hiyo haikuuawa na kishikwambi, ingawa wengi hukisingizia. Mwaka 2002 madodoso ya Tanzania yalisomwa na mashine, na jicho la mashine halipendi karatasi iliyokunjwa wala maandishi yaliyotoka nje ya kisanduku; tangu hapo karani alifunzwa kuitunza karatasi kama mboni ya jicho na kuandika yale tu aliyoulizwa. Katika tafiti nyingine ndogo za kaya mpakato ulijaribiwa, ukasafirishwa ndani ya gari, na jioni mmoja wa makarani akauwasha kunakili madodoso waliyoyajaza wenziwe mchana. Lakini hata hapo haukufika mlangoni.

Kishikwambi kilifika. Kenya ilikitumia katika sensa ya Agosti 2019, wakahesabiwa watu 47,564,296, na Tanzania ikafuata, ikiuliza habari za waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Hushikwa kwa mkono mmoja na kuandikiwa kwa mwingine, mwenyewe akiwa wima chini ya mwembe. Hutambua mahali kilipo kwa ishara za setilaiti. Humrukisha karani maswali ya uzazi pale anayeulizwa akiwa mwanamume. Humkatalia mama aliye mdogo kuliko mwanawe. Na pasipo mtandao huhifadhi majibu hadi uonekane. Taabu yake ni umeme, kwa kuwa penseli ikiisha ncha huchongwa kwa wembe, ila betri iliyoisha katika kijiji kisicho na nguzo hungojea jua au betri ya akiba. Hata hivyo faida yake haikanushiki: matokeo ya sensa ya 26 Agosti 2012 yalitangazwa tarehe 31 Desemba, na yale ya 2022, watu 61,741,120, yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba.

Kazi ilipokwisha, sehemu kubwa ya vishikwambi hivyo iligawiwa walimu wa shule za umma. Wengi wa makarani walikuwa walimu tangu zamani, na baadhi ya mababu zao walianza kusoma katika chuo cha Kurani, juu ya ubao, kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, ubao uoshwao kwa maji kila somo lilipohifadhiwa ili uandikwe jingine. Navyo vishikwambi, kabla ya kuingizwa darasani, ilipasa kwanza vifutwe majina ya watu waliolala majumbani usiku ule.