Dadu Ilipotunga Muziki: Bahati Kabla ya Mikeka

Kuanzia Njombe mjini hadi stendi ya Makambako, mshkaji akisema mkeka wake umechanika, hakuna anayeuliza ukindu ulitoka wapi. Kila mtu anajua ni kubeti. Lakini zamani kuna watu walirusha dadu ili wapate muziki, sio hela.

Mwaka 1757 huko Berlin, Johann Kirnberger alitoa kitabu cha kumwezesha hata asiyejua utunzi atunge muziki wa kuchezea dansi. Mwaka 1793 ukatoka mchezo mwingine wenye jina la Mozart, ingawa hakuna uthibitisho kwamba ni wake. Kanuni zake nyepesi: rusha dadu mbili, jumlisha, angalia jedwali, chukua kipande chenye namba hiyo. Rudia mara 16, waltz imekamilika! Waliorusha sebuleni kwao, leo hakuna anayewajua kwa majina.

Mwaka 1951 Mmarekani John Cage akaenda mbali zaidi. Kwenye *Music of Changes* aliacha sarafu 3 ziamue sauti, urefu wake, hata ukimya. Uvivu? Wapi! Kazi ile ilimla miezi, na majedwali aliyachora mwenyewe.

Tofauti iko hapo. Kwenye mkeka, kanuni kaziandika mwenye kampuni na hela unatoa wewe. Kwenye sanaa, kanuni unaandika wewe, na ukikosa unarusha tena bure. Sarafu ileile ya shilingi 200 inaweza kuchagua mdundo, rangi au neno la kwanza la mstari. Jedwali anaandika nani?