Kameno, Makuyu na Kanisa Lisilotajwa: Ukweli na Ubunifu katika Riwaya za Ngũgĩ

Vijana wengi wa Makongeni, mtaa wa Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na wenzao wa mitaa mingine ya Eastlands wameujua mgogoro wa awali kati ya Ukristo na mila za Wagĩkũyũ kupitia riwaya kabla ya kuujua kupitia kitabu chochote cha historia. Riwaya hiyo ni The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyochapishwa mwaka 1965, ikatafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Njia Panda, na ambayo imewahi kuwa kitabu teule cha mtihani wa kidato cha nne. Kitabu kinachosomwa kwa ajili ya mtihani huaminiwa kupita kiasi, na ndiyo sababu inafaa kuuliza ni wapi mwandishi aliifuata historia na ni wapi aliiacha.

Ngũgĩ hakuwa mdanganyifu. Dan Brown aliifungua The Da Vinci Code, riwaya ya mwaka 2003, kwa ukurasa unaodai kwamba nyaraka na ibada za siri zinazosimuliwa humo ni za kweli, ingawa mtawa muuaji aliyembuni ni wa Opus Dei, taasisi ya Kikatoliki isiyo na watawa na ambayo wakazi wa Nairobi wanaifahamu kwa karibu kupitia Strathmore, chuo kilichoanzishwa na wafuasi wake mwaka 1961. Ngũgĩ, kinyume chake, alitanguliza katika A Grain of Wheat ya mwaka 1967 tahadhari kwamba wahusika wake ni wa kubuni, isipokuwa majina kama ya Jomo Kenyatta na Waiyaki, ambayo hayakuepukika kwa kuwa ni sehemu ya historia ya nchi. Ajabu ni kwamba ni katika jina hilo la Waiyaki, ambalo msomaji amekwisha kuambiwa ni la historia, ndipo simulizi inapoiacha historia. Riwaya inasema kiongozi huyo alizikwa akiwa hai huko Kibwezi, kichwa kikielekea chini. Kumbukumbu za maandishi zinaeleza kwamba Waiyaki wa Hinga alijeruhiwa kichwani alipokamatwa katika ngome ya Waingereza mwezi Agosti 1892, akafariki Kibwezi mwezi uliofuata akiwa njiani kupelekwa pwani. Ni kweli kwamba kumbukumbu hizo ziliandikwa na upande uliomkamata, kwa hiyo hazistahili kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Lakini habari ya kuzikwa hai ni masimulizi ya watu, na riwaya iliyapokea jinsi yalivyokuwa.

Njia Panda ina tatizo zito zaidi, kwa maana haikosei kwa kusema bali kwa kunyamaza. Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, anatahiriwa kinyume cha amri ya babake na kufariki katika hospitali ya misheni ya Siriana. Msingi wa kisa hiki ni mgogoro wa mwaka 1929, wakati Misheni ya Kanisa la Scotland, chini ya Dakta John Arthur wa Thogoto, pamoja na misheni nyingine, ziliposhikilia kwamba waumini waikane tohara ya wasichana, ambayo leo sheria ya Kenya inaiita ukeketaji na kuikataza. Waumini walitakiwa kuthibitisha kukana huko kwa alama ya kidole gumba, yaani kirore, na waliokataa wakatengwa na kanisa, huku wimbo wa dhihaka ulioitwa Mũthĩrĩgũ ukienea hadi serikali ikaupiga marufuku.

Riwaya inaugawa ulimwengu huo katika matuta mawili, Makuyu ya Wakristo na Kameno ya mila, na Kabonyi anapomwasi Joshua hurudi moja kwa moja kwenye mila. Historia haikugawanyika hivyo. Wengi waliotoka misheni hawakumwacha Kristo. Walijenga shule zao, zile za chama cha KISA na zile za Karĩng'a, kisha wakamwalika kutoka Afrika Kusini Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika, ambaye alikaa Kenya kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, akifundisha na kuwaweka wakfu makasisi Waafrika. Kutokana na kazi hiyo yalitokea makanisa mawili ambayo yapo hadi leo: AIPCA, lililobaki huru, na lile la Kiorthodoksi, lililopokewa na Upatriarki wa Aleksandria mwaka 1946. Waiyaki wa Njia Panda, mhusika wa kubuni asiyepaswa kuchanganywa na Waiyaki wa Hinga, anajenga shule, lakini hakuna madhabahu inayosimama karibu nayo.

Haiwezekani kudai kwamba Ngũgĩ hakulijua tuta hilo la tatu, lile la Wakristo waliojitenga na misheni. Alizaliwa mwaka 1938, akasoma Manguo, shule ya Karĩng'a, kabla ya serikali ya kikoloni kuziandama shule huru wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na mwaka 2010, katika kumbukumbu za utoto wake ziitwazo Dreams in a Time of War, alizisimulia shule hizo kwa majina yake halisi.