Orson Welles, Mwongozi wa Michezo na Sinema

Leo twapenda kuwasimulia habari za Orson Welles, Mmarekani aliyepata sifa jukwaani, katika sinema, na katika redio pia. Alizaliwa mwaka wa 1915 katika mji wa Kenosha, jimbo la Wisconsin. Alifiwa na mama akiwa na umri wa miaka tisa, na baba alipokuwa na miaka kumi na mitano.

Baada ya mwaka wa 1929 biashara ya Marekani ilianguka, hata watu mamilioni wakakosa kazi. Serikali ikaanzisha mpango wa kuwaajiri waigizaji, na katika mtaa wa Harlem, mjini New York, likaundwa kundi la waigizaji weusi. Welles, kijana wa miaka ishirini tu, akapewa kuuongoza mchezo wa Shakespeare uitwao Macbeth. Hakuuacha Uskoti, aliuhamishia Haiti, nchi ambayo watumwa wake waliasi wakajitawala. Ngoma zilipigwa na kundi la Asadata Dafora, mzaliwa wa Freetown, Sierra Leone. Baadhi ya wenyeji wa Harlem walishuku kwamba kijana huyu mzungu amekuja kuwafanyia mzaha. Nao walikuwa na haki ya kushuku, kwani siku zile mtu mweusi jukwaani aghalabu alipewa kuwa mtumishi au mpumbavu, si mfalme. Lakini usiku wa tarehe 14 Aprili 1936 umati ulijaa barabarani hata magari yakashindwa kupita, na mchezo ukashangiliwa mno.

Wengi humkumbuka kwa mchezo wake wa redio wa mwaka wa 1938, uliosimulia viumbe wa Mirihi wakiivamia dunia. Magazeti yaliandika kwamba nchi nzima ilishikwa na hofu. Wanahistoria wa leo waona kuwa yalitia chumvi nyingi. Mwaka wa 1941 akatoa filamu ya Citizen Kane, habari za tajiri mwenye magazeti. Bwana William Randolph Hearst, mwenye magazeti mengi, alijiona ndiye asemwaye, na magazeti yake yakakataa kuitangaza.

Lakini kwa maoni yetu kazi yake iliyo bora haikuwa mchezo. Mwezi wa Februari 1946, Isaac Woodard, askari mweusi aliyerudi kutoka vita vya Pasifiki, alishushwa katika basi huko South Carolina, akapigwa na mkuu wa polisi hata akapofuka macho yote mawili. Alikuwa bado amevaa nguo za jeshi. Mwezi wa Julai Welles aliyasoma maneno ya kiapo cha askari huyo katika redio, akaahidi kwamba hataacha kumtafuta mtenda kosa, ambaye jina lake lilikuwa halijajulikana. Juma kwa juma akairudia habari ile. Kwanza aliutaja mji usiohusika, na wenyeji wake wakakasirika; hata hivyo hakunyamaza, na mwishowe polisi yule akajulikana. Alishtakiwa, naye akaachiliwa na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa wazungu. Kabla mwaka haujaisha kipindi cha Welles kilikuwa kimekoma. Mwaka wa 1948 Rais Truman, ambaye habari za Woodard zilimgusa sana, alitoa amri ya kuondoa ubaguzi katika majeshi.

Baadaye Welles aliishi sana Ulaya. Alipopiga filamu ya Othello huko Mogador, Morocco, mavazi hayakufika. Basi akahamishia tendo moja la mauaji katika hamamu, waigizaji wakajifunga taulo. Filamu hiyo ilipewa tuzo kuu huko Cannes mwaka wa 1952. Ajabu ni kwamba yeye aliyewapa watu weusi jukwaa la Harlem alijipaka rangi usoni akamwigiza Othello mwenyewe.

Alifariki tarehe 10 Oktoba 1985, na majivu yake yamezikwa Ronda, Hispania. Filamu yake ya mwisho, aliyoiacha bila kuimaliza, ilikamilishwa na wengine ikaonyeshwa mwaka wa 2018.